Mate ya Mzee Kaburu Kwenye Rejeta Yangu

Sehemu ya sita

Kama hukusoma ya wiki jana, usijali, aibu yangu ni fupi kusimulia. Mimi ni Nelius, binti wa Manyatta kule Embu, nimeolewa Kangeta, na ninaendesha gari la mashindano. Subaru yangu ilichemsha kwenye mazoezi ya kupanda mlima, mbele ya soko zima la miraa. Ilitoa mvuke hadi mama mmoja akauliza ni nani anapika githeri humo ndani. Wanaume wakanisukuma hadi kando ya barabara huku wakicheka.

Ningelitia kiberiti gari hilo siku ileile, ila kulikuwa na Jumamosi.

Jumamosi ndiyo siku ya mbio zenyewe. Timu moja kubwa ilikuwa imeahidi kwamba mwanamke atakayefika juu wa kwanza atapewa gari lao aendeshe msimu mzima, kote nchini. Wanawake tulioandikishwa tulikuwa wawili tu, mimi na Makandi wa Meru mjini. Nimeota kitu kama hicho tangu nikiwa msichana wa kuosha magari ya walimu. Sikuwa tayari kukikosa kwa sababu ya maji moto.

Basi nikauza ndama wangu, nikaagiza vifaa.

Ugonjwa tuliujua. Ulikuwa pampu ya maji. Kazi yake ni kuyazungusha maji ndani ya injini yabebe joto, yalipeleke mbele kwenye rejeta yakapozwe na upepo. Kiunga, mume wangu, ndiye mwenye gereji inayotengeneza pikapu za miraa pale Kangeta. Alipoichomoa ile pampu kuukuu tulitazamana. Mabapa yake yalikuwa yameliwa na kutu, moja likiwa limekatika nusu. Aliyekuwa na gari kabla yangu alikuwa akilinywesha maji ya mto.

"Hii ilikuwa inazunguka bure," Kiunga akasema. "Ukikanyaga mafuta kwa mlima, maji inasimama tu hapo ikiiva."

"Na hii mpya?"

"Hii? Hii ni noma. Angalia vile blade zake zimekunjwa. Hii itasukuma maji mpaka rejeta iombe msamaha."

Nikamkumbatia mbele ya wateja, jambo ambalo Kangeta halifanywi. Nikikumbuka kumbatio hilo sasa, najisikia vibaya mwili mzima.

"Enda Maua uniletee kulanti," akaniambia, "na maji ya betri ya kuchanganya. Usiniletee ya mfereji, tafadhali."

Nikaenda mbio. Niliporudi kila kitu kilikuwa kimefungwa. Kwenye injini yangu pampu hukaa nyuma ya mkanda, chini ya vifuniko, na ukishafunga huioni tena. Nilichokiona mimi ni rejeta mpya inayong'aa, feni mbili mpya na mipira mipya ya maji. Nikapiga picha, nikamtumia kaka yangu Gachoki kwa majigambo.

Kiunga alikuwa akimimina kulanti, ile dawa ya kijani ya kupozea injini, mfuniko wa rejeta ukiwa wazi, Mzee Kaburu alipotokea na kibuyu.

Mzee Kaburu ni baba mkwe wangu. Ni mzee wa miraa wa zamani, mwenye kofia yake na fimbo yake, na tangu niolewe hajawahi kunitolea neno baya. Kanisani huenda, lakini baraka zake ni zile alizofundishwa na baba yake.

"Nelius, mwana wakwa," akaniambia, yaani mwanangu, "simama hapa karibu na gari yako."

Nikasimama. Mzee akapiga funda la uki, ile pombe ya asali, akalizungusha mdomoni mashavu yakiwa yamejaa. Kisha akalipuliza lote.

Lilinipata tumboni.

Nikadhani macho ya mzee yamedhoofika. Akapiga funda la pili, tumboni tena. Blauzi yangu ikanigandia mwilini, yenye uki na mate na vipande vya kitu ambacho sikutaka kukijua. La tatu ndilo alilopulizia injini. Nililiona likitua kwenye bomba la moshi, na matone mengine yakaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa rejeta.

"Itapanda mlima kama mbuzi," mzee akasema, akacheka kwa furaha ambayo sikuielewa.

"Sema asante," Kiunga akaninong'oneza.

"Asante, Baba," nikasema, nikishikilia blauzi mbali na ngozi yangu kwa vidole viwili.

Siku iliyofuata nikalipeleka gari mlimani. Kona ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Kwenye ule mwinuko mrefu nikakanyaga mafuta hadi mwisho, na geji ya joto ikaanza kupanda. Ikapita katikati. Ikagusa nyekundu. Ndani ya gari kukaja harufu ya asali iliyoungua, tamu na mbaya, inayoshika kooni.

Nikazima injini, nikakaa palepale nikilia kwa hasira.

Kiunga alipofika na pikapu ya kunivuta, alinusa mara moja tu, akatingisha kichwa.

"Ni uki ya mzee hiyo. Asali ikiungua inakuwa gundi. Imeziba kila mahali."

"Una uhakika?"

"Nelius, si unasikia harufu? Injini lazima tushushe."

"Itachukua muda gani?"

"Wiki mbili. Tatu."

"Na Jumamosi?"

"Hiyo sahau, mpenzi." Akanipigapiga begani. "Kuna mwaka ujao."

Sikungoja kusikia zaidi. Nikashika njia hadi shambani kwa Mzee Kaburu. Nilimkuta na wazee wenzake wakizunguka kati ya miti ya mbaine, ile miraa mikongwe iliyopandwa na babu zao, ambayo vijiti vyake huuzwa ghali kuliko vyote. Nilijua mzee alikuwa ameanza kuwagawia wanawe miti hiyo. Siku hiyo hayo hayakunihusu.

"Baba," nikasema, hata salamu sikutoa, "mate yako yameniulia injini."

Wazee wakageuka kunitazama.

"Mate yangu?" akauliza polepole.

"Ndiyo. Ulitema uchafu kwenye rejeta yangu. Sasa gari limekufa na mbio nimezikosa. Mimi sikukuomba unitemee!"

 Midomo ilimtetemeka kama ya mtoto.

"Mimi nimebariki watu na hii mdomo tangu ndevu ziote," akasema. "Hakuna mtu ameniambia ni uchafu."

Akavua kofia, akaivaa tena, akaondoka akipita kati ya miti bila kutazama nyuma. Mzee mmoja akaniambia kwamba kwa neno hilo nitaleta faini ya kondoo dume. Nikamwambia alete yeye. Ndiyo, nilisema hivyo, nikaenda zangu.

Gachoki ndiye aliyenifumbua macho. Kaka yangu hufundisha umakanika chuoni Embu, na hukaa mtaa wa Dallas. Nilimpigia simu nikilia, naye badala ya kunipa pole akacheka hadi akakohoa.

"Umetemewa nini?"

"Uki."

"Funda ngapi?"

"Kwenye gari, moja."

"Na mfumo wako wa maji ni lita saba. Nelius, hiyo haiwezi kuziba hata sindano. Usiguse kitu, nakuja."

Alifika mchana, na kwa bahati Kiunga alikuwa ameenda Meru kutafuta vipuri vya pikapu fulani. Gachoki akaweka karai chini ya gari, akafungua maji yote. Yalitoka kijani safi kabisa. Akayanusa, akaniita niyanuse.

"Asali iko wapi?"

"Lakini harufu ilikuwa kila mahali!"

"Njoo uone." Akaninyooshea kidole bomba la moshi, pale funda la tatu lilipotua. Kulikuwa na doa jeusi, limeungua na kugandamana. "Hapa ndipo palipokuwa pakinuka. Mzee alikukaangia asali nje, ndani hakuingiza kitu cha maana. Sasa nataka kuiona hiyo pampu yako ya ajabu."

Akavua vifuniko vya mbele. Akatoa mkanda. Akachomoa pampu, akaipangusa kwa kitambaa, akaniwekea mkononi.

Ilikuwa na kutu. Bapa moja lilikuwa limekatika nusu.

Sikuamini macho yangu. Nikaigeuza, nikaigeuza tena, kana kwamba upande wa pili ungekuwa mpya. Mume wangu alinituma Maua, akairudisha takataka ileile aliyokuwa ameichomoa mbele yangu, akaifunika na mkanda, akanisukuma nipande nayo mlimani. Kisha akaniacha niende kumtukana baba yake mzazi.

Nikakimbilia nyuma ya gereji, nikatapika.

Gatakaa, mama anayeuza chai pale kando, akaja mbio na kikombe cha maji. Akanisugua mgongo.

"Pole, mama. Mimba changa husumbua hivyo."

"Mimba gani?"

"Wacha kunificha, wewe. Mzee Kaburu alinunulia watu soda hapa. Alikuwa anaimba!"

"Gatakaa, sina mimba."

"Na Kiunga si ametuambia? Na mzee si alikubariki tumbo hapa tukiona?" Akanitazama usoni, na tabasamu lake likapotea kidogo kidogo. "Nelius… kwani wewe hukujua?"

Nikaketi juu ya tairi kuukuu. Mzee hakuwa na macho mabovu. Mzee alikuwa akimbariki mjukuu.

Kwa hiyo pampu mpya ilikuwa wapi? Katika mkoa huu ni mtu mmoja tu mwenye injini kama yangu. Nikampigia Makandi.

"Makandi, Kiunga amekuuzia pampu?"

"Eeh. Iko sawa sana, asante. Na hongera, ehe?"

"Hongera ya nini?"

"Ya mtoto! Kiunga alisema umejitoa kwa race, ukoo wamekukataza. Akaenda hata kwa Mukiri, ule katibu wa race, jina lako likatolewa. Hello? Nelius, uko?"

"Sina mimba. Na sijajitoa."

 Nikasikia akivuta pumzi.

"Hiyo kitu nilinunua na pesa yangu," akasema hatimaye.

"Najua."

"Na mimi nataka hiyo gari ya timu kama wewe."

"Najua, Makandi."

"Basi tuma ndugu yako akuje aichukue. Mimi na yangu ya kawaida nitapanda tu. Sitaki kuambiwa nilishinda mtu amefungiwa kwa nyumba. Lakini Kiunga atanirudishia pesa yangu, hiyo uiweke kwa kichwa."

Gachoki akaondoka kwenda Meru. Mimi nikabaki nikimngoja mume wangu, pampu ya kutu ikiwa mapajani.

Kiunga alirudi akipiga mluzi. Aliiona pampu kabla ya kuniona mimi, na mluzi ukafia njiani.

"Nani amefungua gari?"

"Nina mimba ya miezi mingapi, Kiunga?"

Aliangalia kushoto, akaangalia kulia. Kisha akachuchumaa mbele yangu, akajaribu kunishika mkono. Nikauondoa.

"Nisikize tu. Baba anagawa mbaine. Alisema wazi, mti ya zamani inaenda kwa mwenye ako na mtoto. Ndugu yangu Muthomi ako na watatu. Mimi niko na nini? Nikamwambia uko na mimba. Ilinitoka tu."

"Ikakutoka."

"Halafu watu wangekuona ukirusha gari kwa mlima. Mwanamke ako na mimba? Wangejua ni uongo. Ningefanya nini?"

"Ungenivunjia gari. Ungeuza pampu yangu. Ungeniacha nimtukane baba yako mbele ya wazee."

"Hiyo ya kutukana sikujua utafanya," akasema, na alionekana kweli kuona kwamba hapo hana kosa. "Nelius, nipe wiki mbili. Baba amalize kugawa. Hiyo miti ni ya maisha. Ni yetu sisi wawili!"

"Na wiki mbili zikiisha? Mtoto atatoka wapi?"

Akainua mabega.

"Tutasema imetoka."

Wasomaji wangu wa tangu mwanzo wanajua. Sehemu ya pili niliwaeleza jinsi nilivyopoteza mimba, ya kweli, nikiwa kitandani hospitalini, na Kiunga akiwa ameketi pembeni akilia machozi ya kweli. Niliwaeleza jinsi alivyofua zile shuka kwa mikono yake. Mtu huyohuyo ndiye aliyekuwa amechuchumaa mbele yangu akinipangia kupoteza nyingine, kwa ratiba, kwa ajili ya miti.

Hasira ilikuwa imekwisha. Nilichobaki nacho ni kinyaa. Nilikuwa nimeona kinyaa kwa mate ya mzee, nami sikujua kinyaa ni nini. Nikamtazama Kiunga, vidole vyake vya mafuta, kidevu chake ninachokijua, na sikutaka anikaribie hata kwa pumzi.

"Usilale kwangu leo," nikasema.

"Hii ni nyumba yangu."

"Basi mimi nitalala kwa Gatakaa."

Na huko ndiko nilikolala.

Asubuhi Gachoki alirudi na pampu, akaifunga mwenyewe, nami nikiwa nimesimama palepale nikishika taa ingawa jua lilikuwa likiwaka. Hakuna aliyenituma Maua safari hii. Tukajaza kulanti polepole, tukaliinua gari pua juu, tukatoa hewa yote. Tukalipandisha ule mwinuko mrefu mara mbili, mguu ukiwa chini kabisa. Geji ilifika katikati ikakaa. Nilipiga kelele humo ndani hadi Gachoki akaziba masikio. Gari langu lilikuwa zima, na zuri kuliko lilivyowahi kuwa.

Sasa ilibaki jina.

Ijumaa ndiyo siku ya ukaguzi. Magari yote yalipangwa kwenye uwanja, kofia na mikanda ikikaguliwa, na watu wa soko wamekuja kutazama kama kawaida yao. Mukiri, katibu wa mbio, ni mtu mkavu asiyependa maneno mengi. Nikamweleza kwamba sikujitoa, nilitolewa.

"Mume wako alikuja hapa mwenyewe," akasema. "Alisema wewe ni mjamzito. Dereva mjamzito siwezi kumruhusu, hata akiniombea na kwaya."

"Na akiwa si mjamzito?"

"Basi jina litarudi. Gari nimeiona, haina shida." Akakuna kidevu. "Lakini sitaki kesho ukoo uniletee kesi. Utasema hapa, watu wakisikia, na hiyo itakuwa imeisha."

Nikafungua mdomo niseme. Hapo ndipo nilipoona umati ukipisha.

Mzee Kaburu alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Alitembea hadi nilipokuwa, akasimama mbele yangu akihema. Hatukuwa tumeonana tangu siku ya miti. Nikainamisha kichwa.

"Baba, nisamehe. Hayakuwa mate yako."

"Ibwega," akasema. "Yameisha. Ile kondoo ya wazee nimetoa mimi. Singetaka uhangaike, na hali yako."

Na hali yako. Alisema hivyo kwa upole, mkono wake ukiwa begani mwangu, na watu wa Kangeta wakitabasamu. Nyuma yake nikamwona Kiunga kando ya pikapu, uso umempauka, akinitikisia kichwa taratibu: usiseme, usiseme.

Nikisema sina, namvua mzee huyu nguo mbele ya soko lote alilolinunulia soda, na ndoa yangu inaishia uwanjani. Nikisema ninayo, Makandi anapanda mlima peke yake, na baada ya wiki mbili mimi ninalazwa kitandani kulilia mtoto ambaye hakuwepo.  Nilimchukia Kiunga kwa kunileta hapo, nikamchukia zaidi kwa kuwa alikuwa na tumaini usoni.

"Dada, tuna magari mengine," Mukiri akasema. Akapaza sauti ili hata walio nyuma wasikie. "Una mimba au huna?"

 Nikamtazama baba mkwe wangu.

Mzee Kaburu akaondoa mkono begani mwangu. Macho yake hayakuwa na tabasamu tena.

"Jibu, mwana wakwa," akasema. "Hata mimi nimekuja kusikia."